Damu kwenye Jezi ya Aloisi

Mwezi uliopita wachezaji wa zamani wa klabu ya mpira ya Vihamba tuliitwa mjini Moshi kula pilau na kupigwa picha. Klabu imetoka mbali, walisema, na wazee wake wakumbukwe wakiwa bado wanatembea. Mlangoni kijana mmoja mchangamfu, aliyeniamkia shikamoo huku macho yake yako kwenye simu, alinikabidhi mfuko wa kumbukumbu: kikombe cha chai chenye nembo, kitambaa cha pembe tatu cha kutundika ukutani, na fulana ya kijani. Nikaikunjua ile fulana. Kuanzia kwenye kola kushuka hadi tumboni walikuwa wamechapisha doa jekundu. Nilidhani wino umemwagika. "Hapana, mzee," kijana akasema, "hiyo ndiyo damu ya Aloisi. Inauzika kuliko zote." Nikachungulia ukumbini. Watu wazima na vitambi vyao wamevaa damu ya Aloisi, wanatafuna nyama, wanachekeana. Nilirudisha mfuko mezani, nikatoka nje, nikashika ukuta mpaka kichefuchefu kikatulia. Mke wangu anasema nimezeeka vibaya, siku hizi kila kitu kinanitia kinyaa. Labda. Lakini kinyaa hiki sikukipata uzeeni. Nilikipata nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka niliokaa golini Vihamba, na ninajua vizuri kilipoingilia.

Nilikuwa nikiishi kwenye chumba cha nyuma cha jengo la klabu, kwa sababu golikipa wa Vihamba tangu zamani alikuwa pia mlinzi wa mali ya klabu. Chumba kilinuka dawa ya kuchua, soksi na unyevu, na ukuta wake wa mbao ulikuwa na nyufa kubwa kiasi kwamba mtu akipiga chafya sebuleni mimi nampa pole nikiwa kitandani. Sebuleni kulikuwa na mabenchi, meza ya drafti, na kabati la vioo. Ndani ya kabati ndimo ilimokuwa historia yetu yote: kombe la mkoa lililovunjika mkono mmoja, vitambaa tulivyobadilishana na timu za mbali, mpira uliosinyaa, medali zilizoanza kushika kutu. Katikati, imetandazwa juu ya ubao, ilikuwepo jezi ya kijani ya Aloisi. Habari zake hakuna mtoto wa Moshi ambaye hakuzijua. Kwenye fainali mshambuliaji mmoja aliingia na daluga juu, akampasua Aloisi paji la uso. Wakamfunga kitambaa, akakataa kutoka, damu ikamshuka mpaka kiunoni, na katika hali hiyo akadaka penalti. Jezi ile haikufuliwa tena. Nilipofika mimi, damu ilikuwa imegeuka kahawia, imekakamaa, na bado wageni walivua kofia mbele yake.

Mwenyewe Aloisi aliichukia. Alikuwa akishuka kutoka Kibosho kila Jumamosi kunifundisha kudaka, mtu mzima mwenye kovu katikati ya uso, na akipita mbele ya kabati anageukia pembeni. "Mnatunza uchafu wangu," aliniambia siku moja tukinywa uji. "Mngetunza goti langu, lingewafaa zaidi." Goti lilikuwa limekwisha na kahawa ilikuwa hailipi, kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka ule akaenda Mererani kuchimba mawe ya thamani kama wenzake wengi. Masika yakaingia, maji yakajaa kwenye shimo walimokuwa. Waliokuwa juu walitoka. Aloisi alikuwa chini kabisa. Kingo zikaporomoka juu yake, watu wakahangaika na kamba na ndoo, kisha wakachoka, wakaenda kuchimba pengine.

Mwenyekiti wetu wakati huo alikuwa mfanyabiashara tuliyemwita Mangi Belo. Mangi, yaani chifu, kwa sababu alipenda kuitwa hivyo, belo kwa sababu utajiri wake ulitoka kwenye mabelo ya mitumba. Zamani klabu ilibebwa na wakulima wa kahawa, kila msimu walitoa kidogo kwa ajili ya timu na sikuwahi kusikia aliyenung'unika. Enzi za ruksa zilipokuja na bei ya kahawa ikaanguka, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na Vihamba ikabaki ombaomba. Ndipo akatokea yeye. Sisemi kwamba hakutusaidia, maana nyama yake tuliila. Lakini alikuwa na tabia ya kushika kitu cha klabu, akakigeuza, akakinyanyua kwenye mwanga kama koti lililotoka kwenye belo, akitafuta tundu liko wapi. Wazungu waliokuja kupanda mlima alikuwa anawapitisha kwetu kwanza waangalie kabati, na mimi naamriwa nivae glavu, nisimame pembeni, nitabasamu. Alitengenezesha vikombe vyenye picha ya Aloisi amefungwa kitambaa kichwani. Aloisi mwenyewe hakuwahi kupewa hata kimoja, nadhani alivionea dirishani kama sisi.

Asubuhi moja ya Juni, baridi imekaza, waliingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa Bibi Melania, mama yake Aloisi, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, akiongozwa kwa mkono na mkwewe Paskalia, mjane wa Aloisi, tuliyezoea kumwita Mama Deo. Niliwapa benchi nikawachemshia chai. Bibi alishika kikombe kwa mikono miwili akawa anajipasha joto tu, hakunywa. Mangi Belo alipofika akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenyekiti, nimekuja kumchukua mwanangu."

Mangi Belo akanitazama mimi, kana kwamba nimemficha mtu chumbani.

"Mererani wamesema hatoki," bibi akaendelea. "Nimewauliza wazee wa ukoo. Wamesema damu yake iko hapa, kwenye kioo chenu. Basi nipeni niizike kihambani, pale alipo baba yake. Mimi sina muda mrefu. Siwezi kwenda kulala ndani, mtoto nimemwacha nje."

Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu mtu anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba ya babu zake, masale yamepandwa kuzunguka kaburi lake, na mama asiyejua mwanawe amelala wapi hafi vizuri. Hata Mangi Belo alilijua hilo, mama yake mwenyewe kalala kwenye kihamba cha kwao. Aliweka mkono kifuani akasema jezi ni yao, klabu itaipandisha yenyewe Kibosho kwa heshima zote, na wachezaji wote watakuwepo. Bibi Melania akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Aika mbe," akawa anashukuru kwa Kichaga, "aika." Paskalia hakushukuru. Alikwenda kwenye kabati, akaweka kiganja kwenye kioo usawa wa ile damu, kisha akafuta alama ya mkono wake kwa pembe ya kanga.

Siku chache baadaye nikakuta katikati ya kabati pako wazi. Nikaambiwa jezi imepelekwa kutiwa dawa ya nondo kabla ya mazishi. Nikaamini. Halafu asubuhi moja, nikiwa bado nimejifunika blanketi, nikasikia sauti ya Mangi Belo nyuma ya ukuta, upande wa bucha. Bucha ile ilikuwa ya jamaa mmoja, Kanuti, aliyechinja mbuzi uani kwetu na kupika kisusio, ile supu ya damu ambayo wanaume wa Moshi walikuja kuinywa wamesimama, kabla ya kwenda makazini. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja wake mkubwa.

"Damu niwekee kidogo kwenye kopo," Mangi Belo alisema.

"Kisusio bado kidogo tu kiive, mangi. Utakunywa hapa hapa."

"Si ya kunywa. Usiitie chumvi."

"Sasa ya nini?"

"Ya yule bibi wa Kibosho. Ile nyingine mgeni ameshaondoka nayo. Yeye anakusanya majezi ya dunia nzima, amenililia siku tatu, nifanyeje? Wewe tia kwenye kopo. Unaona uchungu, umemzaa wewe huyo mbuzi?"

Kanuti akacheka. Nimesikia watu wakicheka vicheko vya kila aina maishani mwangu, vingine msibani, lakini kile kicheko cha Kanuti bado sijakisamehe. Niliweka jicho kwenye ufa. Mangi Belo alikuwa ametandaza juu ya gogo la kukatia nyama jezi ya kijani iliyotoka kwenye mitumba yake, keshang'oa lebo. Akamimina damu kwenye kola. Akaisambaza kwa vidole, taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akaongeza kidogo upande wa kushoto, kama fundi wa mabango. Kisha akaianika kwenye waya nyuma ya choo.

Nilitoka na shuka kiunoni. "Mwenyekiti, hiyo ni damu ya mbuzi."

Hakushtuka. Ningependelea ashtuke. "Damu ni damu, kijana. Kwani ya Aloisi uliwahi kuionja?"

"Yule bibi anataka kumzika mtoto wake."

"Na atamzika. Haoni, anataka kitu cha kushika, nitampa kitu cha kushika. Nyinyi mlitaka daluga mpya, mlitaka jezi zenye namba mgongoni. Mlidhani zinashuka mlimani na theluji?" Akapokea bakuli la kisusio kutoka kwa Kanuti, kwa mkono ule ule ambao haujanawa, akalinywa lote, akafuta masharubu. Na mimi nilipewa bakuli langu, kama kila siku. Niliangalia ule utandu mwekundu unavyotetemeka juu yake. Tangu siku ile sijaweka kisusio mdomoni, hata harusini, na ninawaudhi wakwe kwa jambo hilo mpaka leo.

Siku ya kabla ya mazishi nilipanda Kibosho kwa miguu, njia imejaa tope na mawe. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Bibi Melania alinipokea mlangoni. Alikuwa amesukwa, amevaa gauni jipya, na alikuwa anaongea kama msichana. "Golikipa! Ingia, ingia, mwanangu anarudi kesho na mimi leo nimekula. Muulize Paskalia, nimekula bakuli zima." Akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, akapapasa paji langu kama anatafuta kovu, akaniamuru nile. Nilikula mtori wake wa ndizi mbele yake, kijiko baada ya kijiko, mpaka bakuli likaisha. Nje, wanaume wa ukoo walikuwa wanachimba kaburi kati ya migomba, nasikia majembe na utani wao.

Paskalia nilimfuata kwenye banda la ng'ombe, alikokuwa anakatakata majani ya mgomba. Nilimweleza yote. Hakuacha kukata.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza mwishoni.

"Mimi, Mangi Belo na Kanuti."

"Basi Moshi nzima inajua." Akakata tena. "Ile yenyewe haiwezi kurudi?"

"Imeshapanda ndege, Mama Deo."

Hapo akaweka panga chini. Ng'ombe akaanza kumnusa mkono akidhani kuna majani. "Yule mama alikuwa halali," alisema. "Tangu masika nalala naye chumba kimoja, usiku anakaa kitandani anamwita Aloisi aingie ndani, mvua inanyesha. Juzi ndiyo amelala mara ya kwanza. Wewe usiseme kitu. Kesho nitasimama karibu naye."

Walikuja na msafara, kweli. Mangi Belo amevaa suti, timu nzima tumevaa jezi mpya zenye namba, na ile ya mbuzi imekunjwa kwenye kisanduku cha mninga chenye kifuniko cha kioo. Padri alikuwa ameshasoma misa ya marehemu kanisani. Kuhusu nguo alisema nguo si mwili, na wazee wakamjibu kwa heshima kwamba wamesikia, kisha wakafanya yao. Manyunyu yalikuwa yanashuka tangu alfajiri. Kisanduku kilipofunguliwa pembeni ya kaburi ili bibi amguse mwanawe, unyevu ule uliamsha kitu. Harufu ilitoka. Haikuwa harufu ya kitu cha zamani. Ilikuwa harufu ya uani kwa Kanuti, na nzi wakaja, kwanza mmoja, kisha kundi, wale wa kijani wa bucha, wakatua kwenye kola. Kila aliyekuwa mbele aliwaona. Damu ya miaka yote ile haiiti nzi, hakuna Mchaga aliyekua akichinja mbuzi asiyelijua hilo. Nilimwona baba mdogo wa Aloisi, mzee aliyekuwa anaongoza mazishi, akifungua mdomo, na nikasema moyoni, sasa.

Paskalia alikuwa amechuma jani la mgomba. Alisogea katikati ya nzi na mkwewe akawa anapepea, polepole, kama anayempepea mgonjwa, uso wake umemwelekea yule mzee. "Baba," alimwambia, "Mama anasubiri." Mzee akafunga mdomo. Bibi Melania aliweka mkono kwenye ile nguo, akaukandamiza, akauliza kama kovu limepona. Kisha akaupeleka ule mkono kwenye shavu lake. Mangi Belo akasafisha koo, akatoa hotuba kuhusu historia, kuhusu klabu inayojali watu wake, na watu walipiga makofi, Mungu wangu, walipiga makofi. Baadaye tukapewa nyama na pombe ya mbege. Watu ambao nusu saa nyuma walikuwa wamebana pua waliniambia mazishi yamependeza. Nilitapika nyuma ya mibuni nikiwa sijala kitu.

Nimewaza sana kuhusu wale watu, na nimewaonea huruma mara chache. Wengi hawakuwa wabaya. Walinyamaza kwa ajili ya bibi, ndivyo walivyojiambia, lakini kumnyamazia bibi ni jambo moja, na kumpigia makofi Mangi Belo ni jingine. Yeye aliyachukua makofi yale akayafanyia kazi. Kufikia Oktoba kulikuwa na kalenda yenye picha ya kisanduku, na wageni wa mlima walikuwa wanapelekwa mpaka Kibosho kupiga picha kaburini. Mimi nilikalishwa benchi kwa kisingizio cha bega, kisha nikahama chumba. Lakini nilipanda kumwona bibi kila nilipoweza. Alikuwa amenenepa. Alikuwa akikaa juani karibu na lile kaburi, anaongea nalo kuhusu ng'ombe na majirani, na Paskalia akipita na ndoo anaitikia badala ya Aloisi. Sijui aliwezaje. Mimi ilikuwa ikinishinda kusimama pale hata kwa dakika chache.

Bibi Melania alifariki karibu na Krismasi, usingizini. Ni majira ambayo Wachaga wote wanarudi nyumbani, kwa hiyo kihamba kilijaa watu kutoka Dar, Arusha, kila mahali, na magari yalipangana mpaka parokiani. Tulipofika makaburini minong'ono ikaanza. Kulikuwa na shimo jipya la bibi, lililochimbwa vizuri. Na pembeni yake kaburi la Aloisi lilikuwa wazi pia, limefukuliwa, udongo wake umerundikwa kando. Wazee walikuwa wanaulizana kwa Kichaga, wamekasirika na wameogopa. Paskalia alisimama na tope mpaka magotini, hakumjibu yeyote mpaka bibi akashushwa na kufukiwa na masale yakapandwa.

Ndipo Mangi Belo akasogea mbele kutoa salamu za klabu. Kabla hajafungua kikaratasi chake, Paskalia alimwendea na furushi la majani ya migomba, limefungwa kwa kamba ya mgomba, linanuka udongo na uozo.

"Mwenyekiti," alisema, kwa sauti ambayo hata wa magarini waliisikia, "huyu mbuzi wako amelala kwetu tangu Julai. Mama alikuwa anamsikiliza, kwa hiyo sikuweza kumtoa. Leo Mama hasikii. Mchukue."

Watu wote walikuwa wanatazama, na Mangi Belo alikuwa amelelewa vizuri kama sisi sote. Akapokea kwa mikono miwili. "Asante, mama," alisema, na maji meusi yakaanza kumchuruzika kwenye mikono ya suti. Alisimama nalo hivyo hivyo, hana pa kuliweka, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Aliondoka nalo kupita katikati ya watu, wakimpisha wasiguswe.

Likabaki lile shimo. Kwetu kaburi haliachwi wazi, litaita mwingine. Baba mdogo wa Aloisi akaagiza ukatwe mgomba uzikwe humo badala ya mtu, kama inavyofanywa, na vijana wakauleta wakiuburuta. Paskalia akasimama ukingoni.

"Urudisheni," alisema.

"Mama Deo, ni mila."

"Baba, niliwaitikia mlipozika jezi, nikapepea nzi mbele yenu nyote. Sasa mnataka nimlilie mgomba. Aloisi hajarudi. Nani amewaambia amerudi? Shimo lake litabaki wazi mpaka arudi."

Kisha akaomba koleo kwa kijana aliyekuwa karibu, akashuka shimoni mwenyewe, akaanza kuutoa ule udongo uliokuwa umeporomoka ndani.